Jumba la Mbaruk pale Gasi: Tulitunze, lakini tuseme yote

Ukitoka Likoni kuelekea Lunga Lunga, ukishaipita Ukunda utafika mahali ambapo minazi mirefu imejipanga kandokando ya barabara kama askari wa gwaride. Hapo ndipo Gasi. Wageni wengi wanaoshuka steji ile siku hizi wanafuata mikoko. Wanatembea juu ya daraja la mbao linalotunzwa na kina mama wa kijiji, wanaelezwa habari za Mikoko Pamoja, mradi ambao tangu 2013 unauza hewa ya kaboni na kuleta maji na vitabu vya shule, kisha wanakula wali wa nazi na kurudi Diani. Ni wachache wanaoingia ndani kidogo kulitazama jumba la Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui.

Mimi jumba lile nimelipita tangu utotoni. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtu wa pande hizi, na kila tulipokuja Gasi kusalimia jamaa alinishika mkono tukapita upande wa pili wa njia. Hakuwahi kusema kwa nini. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu ndipo mjomba aliponiambia kwamba nyanya wa nyanya yangu hakuzaliwa Pwani. Aliletwa. Alilima mashamba ya wakubwa wa mwambao huu, wakubwa gani sikuambiwa, na jina alilokuja nalo kutoka kwao bara hakuna tena anayelijua.

Nayaandika haya kwa sababu ya mazungumzo tuliyokuwa nayo barazani Msambweni, baada ya maziko. Mwalimu mmoja mstaafu alisema serikali ya kaunti ingekuwa na akili ingeweka sanamu ya Mbaruk pale Gasi, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza pwani hii kupigana na Mwingereza kwa bunduki. Kijana mmoja akamjibu kwa heshima lakini kwa ukali kwamba mtu aliyemiliki watumwa hajengewi sanamu. Baraza likagawanyika. Wakanigeukia mimi niseme, maana ndiye mwandishi. Nikanyamaza nikasingizia chai imepoa. Leo najibu.

Kumjua Mbaruk lazima tuanze Mombasa. Ukoo wa Mazrui asili yake ni Oman. Katika karne ya 18 watu wa ukoo huo walikuwa maliwali wa Mombasa kwa niaba ya wafalme wa Oman wa nasaba ya Ya'rubi. Ufalme ulipochukuliwa na Busaidi katika miaka ya 1740, Mazrui wa Mombasa walikataa kuwatambua watawala wapya. Kuanzia hapo, kwa muda wa karibu miaka 100, waliitawala Mombasa kama dola yao wenyewe wakiwa ndani ya Fort Jesus, wakisaidiwa na wazee wa Mataifa Kumi na Mbili ya mji na kushirikiana na Wamijikenda wa bara. Mkono wao ulifika hadi Pemba. Ndio wakati wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyewasimamia kwa ulimi wake kama wengine walivyowasimamia kwa upanga.

Ila hakuna refu lisilo na ncha. Karibu na 1812 jeshi lao lilishindwa vibaya katika vita vya Shela, na watu wa Lamu wakamwita Seyyid Said wa Oman awakinge. Mazrui wakatafuta wa kuwakinga wao pia. Mwaka 1824 nahodha Owen wa jeshi la maji la Uingereza alikubali kupandisha bendera ya nchi yake Mombasa, nao wakadhani wameokoka. Wakubwa wa London hawakutaka ugomvi na Seyyid Said, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Wakaachwa peke yao. Kumbuka jambo hilo, msomaji, kwa maana Mwingereza atarudi katika hadithi hii.

Mwaka 1837, Mazrui wakiwa wamekwisha kugombana wao kwa wao, Seyyid Said aliingia Mombasa. Wakubwa zaidi ya 20 wa ukoo ule walikamatwa kwa hila, wakatiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas, pwani ya Uajemi. Hawakurudi. Miongoni mwao alikuwa liwali wa mwisho wa Mazrui, Rashid bin Salim. Huyo ndiye baba yake Mbaruk.

Mbaruk alikuwa bado mtoto. Waliosalia katika ukoo walikimbia Mombasa katika makundi mawili: kundi moja likaenda kaskazini Takaungu, jingine likaja kusini Gasi. Takaungu walichagua njia ya amani na Zanzibar, wakalima na kufanya biashara. Gasi nao walilima na kufanya biashara, lakini kidonda hakikufunga. Mbaruk alikulia katika kijiji cha wavuvi na wakulima, katikati ya Wadigo, akijua kuwa kule Mombasa kuna ngome aliyokaa baba yake, na kwamba anayekaa ndani yake sasa ni mtu wa ukoo uliomuua baba huyo ugenini.

Alipokuwa kiongozi wa Gasi aliifanya kazi moja kwa miaka mingi: kumkatalia Sultani wa Zanzibar. Aliwasumbua Seyyid Majid na Seyyid Barghash. Mbinu yake ilikuwa ile ile kila mara. Jeshi la Sultani likija kwa bahari, yeye huiacha Gasi na kupanda milimani kwenye ngome yake ya Mwele, katika msitu wa nyuma ya pwani, mahali ambapo mizinga ya meli haifiki. Wakichoka kumngoja, huteremka. Mwaka 1882, baada ya kuishambulia Vanga, alifuatwa hadi huko Mwele na jeshi la Sultani lililoongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews. Wakaizingira ngome, wakaitwaa, lakini mwenyewe wakamkosa. Baadaye akapatana na Sultani na kurudi Gasi kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa tuje kwenye jumba. Wenyeji wa pwani mnalijua jengo la aina hii: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyochongwa, zimeshikwa kwa chokaa, na dari ya boriti za mikoko. Upana wa vyumba huwa mwembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiwi ndefu sana. Hilo huligundua mtu akiingia: nje jumba ni kubwa, ndani vyumba ni virefu na vyembamba. Mbele ulikuwepo mlango mkubwa wa nakshi, kazi ya mafundi wa enzi zile, mlango ambao peke yake ulimwambia mgeni kuwa anaingia kwa mtu mkubwa. Mlango huo hauko tena Gasi. Ulihamishiwa makumbusho ya Fort Jesus. Inachekesha na kuliza: mtoto wa liwali alitumia umri wake wote kuitamani ngome ile, na kilichorudi ndani yake mwishowe ni mlango wa nyumba yake.

Jumba lenyewe kwa miaka mingi lilitumika kama shule. Mahali Sheikh alipokuwa akisikiliza mashtaka, watoto wa Gasi walisoma hesabu.

Kuna hadithi zinazosimuliwa juu ya nyumba ile, na najua baadhi yenu mnazingoja. Husemwa kuwa chini ya misingi yake walizikwa watu wakiwa hai ili jengo lisimame imara. Husemwa kulikuwa na chumba ambamo mshtakiwa alifungiwa na kufukizwa moshi wa pilipili mpaka akiri. Hadithi ya watu kuzikwa katika msingi husimuliwa juu ya majumba makubwa ya nchi nyingi duniani, kwa hiyo siichukui kama ushahidi wa mahakamani. Naichukua kama kumbukumbu ya hofu. Watu hawasimulii hivyo juu ya nyumba ya mtu waliyempenda tu. Nyanya yangu hakuwa na haja ya kujua msingi una nini ili avuke upande wa pili wa njia.

Na hofu hiyo ilikuwa na sababu iliyo wazi. Utajiri wa Gasi, kama ule wa Takaungu, Malindi na Mombasa, ulitoka mashambani: nazi, nafaka, na jasho la watumwa. Mbaruk alimiliki watumwa, na hilo halina ubishi. Lakini hapa pana jambo ambalo kijana wa barazani hakulitaja. Mbaruk pia aliwapokea watoro, yaani watumwa waliotoroka kwa mabwana wengine. Aliwapa bunduki, akawafanya askari wake. Je, aliwakomboa? Hapana, alihitaji watu wa kupigana. Ila kwa mtoro aliyekuwa anawindwa msituni, Mwele ilikuwa mahali ambapo bwana wake hawezi kumfikia. Historia ya pwani yetu imejaa mambo ya namna hiyo, na ndiyo maana watu wanaoitaka iwe nyepesi huishia kusema nusu.

Mwaka 1888 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa na Sultani haki ya kusimamia mwambao. Mbaruk, mpiganaji wa zamani, hakupigana nayo. Alipatana nayo. Kampuni ilimlipa posho na yeye akaishi nayo vizuri. Nalisema hili kwa mwalimu wangu mstaafu: kwa miaka kadhaa shujaa wetu alikuwa akipokea pesa za Mwingereza. Adui yake alikuwa Zanzibar, na mtu yeyote aliyemsaidia kuwa mbali na Zanzibar alikuwa rafiki.

Kilichovunja urafiki huo kilianzia Takaungu. Februari 1895 alifariki liwali wa huko, Salim bin Khamis. Kwa desturi ya ukoo, wengi waliona uongozi unamstahili mkubwa wao wa umri, ambaye naye, ili mambo yatatanike zaidi, aliitwa Mbaruk bin Rashid, wajina wa huyu wa Gasi. Kampuni ikamtaka mtoto wa marehemu, Rashid bin Salim, kijana waliyemwona rafiki yao. Ikamweka yeye. Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz hawakukubali, na kufikia Juni bunduki zikaanza kulia. Wakati huo huo Kampuni ilikuwa inafilisika na serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa inaichukua nchi. Tarehe 1 Julai 1895 utawala ulikabidhiwa rasmi. Kwa hiyo serikali mpya ilizaliwa ikiwa na vita mkononi.

Walioshindwa Takaungu walikimbilia kusini kwa jamaa zao. Mzee wa Gasi akawa katikati. Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza aliyeisimamia nchi mpya, alimtaka aonyeshe utii wake kwa kuwa pamoja na serikali dhidi ya waasi. Nami hujaribu kumwona mzee huyo usiku ule ndani ya jumba lake. Umri umekwenda. Ana posho, ana mashamba, ana watu. Akiwatoa ndugu zake, atabaki navyo vyote. Akiwakatalia wakubwa, atapoteza kila kitu. Tena alijua, kuliko yeyote, maana ya ndugu kukabidhiwa kwa dola ya kigeni na kutiwa chomboni. Baba yake aliondoka hivyo.

Alichagua damu. Akaiacha Gasi, akapanda Mwele kama alivyozoea.

Safari hii aliyemfuata hakuwa Sultani. Alikuwa Admirali Harry Rawson na askari wa majini wa Uingereza, na pamoja nao yule yule Lloyd Mathews wa 1882. Tarehe 17 Agosti 1895 Mwele ilianguka. Waingereza waliiona siku hiyo kuwa kubwa kiasi cha kuandika jina la Mwele kwenye medali za askari wao. Rawson huyo ndiye aliyelipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar mwaka uliofuata katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kwisha, na mwaka 1897 akauteketeza mji wa Benin huko Afrika Magharibi. Kwa hiyo kilima chetu cha Kwale kimo katika orodha moja na Benin, na watoto wetu hawafundishwi.

Mbaruk akaponyoka tena. Vita vikaendelea vichakani kwa miezi mingine, kutoka Vanga hadi karibu na Malindi. Hamis bin Kombo wa Mtwapa alijiunga. Vijiji vilichomwa, mashamba yaliachwa, njaa ikaingia, na aliyeumia zaidi ni yule yule mkulima mdogo wa Kidigo, wa Kiduruma na wa Kigiriama, pamoja na mtumwa asiyekuwa na pa kukimbilia. Serikali ilipoona haiwezi kuvimaliza kwa askari iliokuwa nao, ilileta jeshi kutoka India mwanzoni mwa 1896. Hapo hesabu zikabadilika.

Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, Tanzania Bara ya sasa, akiwa na wafuasi zaidi ya 1,000. Alijisalimisha kwa gavana wao, Hermann von Wissmann, akaenda kukaa Dar es Salaam. Mashamba yaliyoachwa na waasi yakawa ya serikali. Hapo, ndugu zangu, ndipo pana mzizi mmojawapo wa maneno ya ardhi ambayo mpaka leo tunayasikia kila uchaguzi. Kabla ya vita ile, mkubwa wa pwani ndiye aliyeamua nani alime wapi. Baada yake aliamua karani wa serikali. Aliyelima kwa mkono wake hakuulizwa wakati wowote.

Mwaka 1907, Mbaruk akiwa bado ugenini, sheria ya Kiingereza ikafuta hali ya utumwa katika mwambao wa Kenya. Mabwana walilipwa fidia. Walioachwa huru hawakupewa hata kipande cha shamba walilolima. Mwaka 1910 Mbaruk akafariki Dar es Salaam. Baba alikufa Bandar Abbas, mtoto akafa Dar es Salaam, wote wawili mbali na Fort Jesus.

Ukoo haukufa. Uliiacha bunduki ukaishika kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, alianzisha gazeti la Kiswahili Mombasa katika miaka ya 1930 kuwazindua Waislamu wa pwani, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947, na akaandika historia ya ukoo wake. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alijulikana dunia nzima. Alipofariki Marekani mwaka 2014 aliletwa nyumbani akazikwa katika makaburi ya Mazrui, hatua chache kutoka Fort Jesus. Katika ukoo ule ule uliofukuzwa ngomeni, yeye alirudi kulala kando yake.

Sasa jibu langu kwa baraza. Mwalimu, ni kweli Mbaruk alikataa kuwasaliti ndugu zake na akapoteza kila alichokuwa nacho. Huo ni ujasiri na usifiche mtu. Lakini hakupigania uhuru wangu wala wako. Alipigania haki ya ukoo wake kutawala. Na wewe kijana, ni kweli alimiliki watumwa. Lakini waliomfukuza hawakuja kuwakomboa. Utumwa ulibaki halali miaka 11 baada ya yeye kukimbia. Ukimkataa yeye usije ukampokea Rawson.

Sanamu siitaki. Nalitaka jumba. Sanamu husema neno moja tu, nyumba husema mengi. Nalitaka likarabatiwe na kaunti pamoja na Makumbusho ya Taifa, na likarabatiwe kwa chokaa, si kwa saruji. Fundi yeyote wa Mji wa Kale atakueleza kuwa saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na kuula taratibu. Mlango ukibaki Fort Jesus kwa usalama wake, basi achongwe fundi wetu mwingine wa kufanana nao auweke Gasi. Kazi hiyo bado tunayo mikononi. Mgeni anayekuja kuona mikoko aonyeshwe pia boriti za mkoko ndani ya dari, ajue miti ile ilijenga nini. Na kina mama wanaoongoza wageni darajani ndio wapewe ufunguo, wala si mtu wa kutoka mbali.

Ukutani liwekwe bango lenye habari za Rashid bin Salim na Bandar Abbas, za Mwele na za 1896. Kando yake liwekwe la pili, la ukubwa ule ule, kwa ajili ya waliolima mashamba na kuchoma chokaa, walioletwa wakiwa na majina yao wakafa na majina ya kupewa. Hatuna majina hayo. Tuandike hivyo, kwamba hatuna.

Wiki iliyopita nilimchukua binti yangu tukaenda Gasi. Tulipolikaribia jumba nilihisi mkono wangu ukimvuta kuvuka njia, bila hata mimi kukusudia. Nikajizuia. Tukapita upande wa jumba, tukasimama mbele ya ukuta, na nikamweleza habari za wote wawili: mzee aliyekuwa mwenye nyumba, na nyanya yetu aliyekuwa shambani. Aliniuliza yupi kati yao ni wa kwetu. Nikamwambia wote ni wa kwetu, na kwa hiyo nyumba hii isianguke.